Umechomeka monita laptopu ikaanza kujivuta? Pima kwanza, RAM utanunua baadaye

Mi natengeneza kadi za michango, za harusi, sendofu, kipaimara, na msimu ukikolea naandaa mpaka Excel ya kamati nzima, nani kaahidi, nani katoa nusu, nani akipigiwa simu hapokei. Nafanyia kazi nyumbani Sinza, laptopu yangu ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, prosesa i5-6300U, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kasi isiyozunguka), yani mashine ya kawaida kabisa ambayo mjini hapa unakutana nayo kila kona. Macho yakaanza kuuma kwa kile kioo cha inchi 14, nikashuka Kariakoo nikarudi na monita ya inchi 24 nimeipakata kwenye daladala kama mtoto mgonjwa. Nikachomeka, ikawaka, nikafurahi kama nusu saa hivi. Baada ya hapo laptopu ikaanza kujivuta, nikiburuta picha inakuja nyuma ya mausi kama mtoto aliyeitwa kuosha vyombo, Chrome inaganda, feni inalia, alafu mama mmoja mteja wangu anapiga, "mwanangu kadi zangu vipi", namjibu zinakuja mama, wakati Photoshop hata haijamaliza kufunguka.

Nikampigia fundi wangu, hajauliza hata swali moja akasema "hiyo ongeza RAM mdogo wangu". Alikuwa sahihi nusu. Ile nusu nyingine ndo ingenila hela ya bure, kwahiyo nakuelekeza nilivyofanya, kwa mpangilio ambao ningetamani niwe nimeufuata tangu mwanzo badala ya kuzunguka zunguka.

Kwanza tuitendee haki monita maana inasingiziwa sana. Kioo cha laptopu yangu ni 1366 kwa 768, hiyo ni kama pikseli, yani nukta za picha, milioni 1.05. Monita ni 1920 kwa 1080, kama milioni 2.07. Ukiwasha zote kwa pamoja mashine inahudumia pikseli karibu mara tatu ya mwanzo, na ukisikia hivyo unasema basi ndo penyewe. Hapana, subiri. Kila pikseli inachukua baiti 4, kwahiyo picha moja ya skrini nzima ya 1080 ni MB 8 na kidogo. Monita inachorwa upya mara 60 kwa sekunde, ukizidisha unapata kama MB 500 kila sekunde za kuisoma tu hiyo picha na kuipeleka kwenye waya. RAM yangu ni aina ya DDR4, kasi yake 2133, kipande kimoja kinapitisha kama GB 17 kwa sekunde. MB 500 kwenye GB 17 ni asilimia 3 hivi. Maji ya kunawa hayo. Ila kama umenunua monita ya 4K hesabu inabadilika, ile ni pikseli milioni 8.3, mara nne ya 1080, kuisoma tu ni GB 2 kwa sekunde na bado hujachora kitu, hiyo kwa laptopu ya umri wa kwangu inaanza kuonekana.

Sasa kama monita ya kawaida haili kiasi hicho, nani anakula? Mara nyingi ni wewe mwenyewe. Ukipewa uwanja mkubwa unaujaza. Zamani nilikuwa nafunga Photoshop ndo nafungua Excel, baada ya kupata monita Photoshop ikahamia kule, Excel ikabaki huku, WhatsApp Web pembeni, YouTube inapiga mziki, na tabu za Chrome ishirini na kitu, na kweli ni tabu. Hapo RAM inajaa na monita wala haijui. Alafu kuna ujanja wa YouTube ambao wengi hawaujui, ukiiacha kwenye Auto inachagua ubora kwa kuangalia pia ukubwa wa kile kidirisha cha video, kwahiyo video ileile iliyokuwa inacheza kwa 480 kwenye kioo kidogo ukiivutia kwenye monita ukaipanua inapanda 1080, na monita ikiwa ya 4K inaweza ikapanda zaidi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 kama yangu (ile 6 ya mwanzo kwenye i5-6300U) hazina mtambo kamili wa kufungua VP9, ambayo ndo namna YouTube inavyobana video zake nyingi, huo mtambo ulikuja kizazi cha 7, kwahiyo kwa sisi wa kizazi cha 6 video kubwa inabebwa kwa kichwa na prosesa yenyewe. Mziki tu wa kusikiliza, weka 360 maisha yaendelee.

Kitu cha pili ni kwamba laptopu nyingi za ofisi hazina kadi ya grafiki inayojitegemea, grafiki ya Intel imo ndani ya prosesa na haina RAM yake. Ni kama mpangaji anayepikia jiko la mwenye nyumba, ukiinjika wali na yeye anataka kuinjika chai, jiko ni hilohilo. Ndo maana kwenye laptopu hizi RAM ina mambo mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya, kwanza ni nyingi kiasi gani, pili njia ya kwenda na kurudi ni moja au mbili. Ukiwa na kipande kimoja cha RAM njia ni moja. Ukiwa na vipande viwili kwenye sloti mbili, yani matundu ya kuchomekea RAM, njia zinakuwa mbili, GB 17 zinakuwa 34. Wanaotokea Masaki kwenda mjini wananielewa, kuna enzi ya Daraja la Selander peke yake na kuna baada ya Daraja la Tanzanite kufunguliwa 2022. Magari ni yaleyale ila pa kupita pameongezeka.

Haya, kupima. Hii haina gharama na inachukua kama robo saa, usiiruke.

Chomoa monita, washa laptopu upya, fungua zile programu unazofanyia kazi kila siku, zilezile, wala usizidishe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ije Task Manager, nenda Performance. Ukibofya Memory angalia imetumika ngapi kati ya ngapi, alafu shuka chini utaona Speed, na Slots used ambayo ndo inakwambia sloti ziko ngapi na ngapi zina kitu. Yangu ilisoma 1 of 2. Angalia pia Committed, ina namba mbili, ile ya kwanza ikiwa imeizidi RAM uliyonayo kwa mbali ujue mashine imeahidi zaidi ya ilichonacho na mzigo unaomwagika unahifadhiwa kwenye diski. Bofya CPU, yani prosesa, uandike Speed inayosoma, kisha GPU, yani grafiki, uone inacheza asilimia ngapi. Hapohapo kwenye GPU utaona Shared GPU memory imeandikwa kama nusu ya RAM yako nzima, usishtuke, haijatengwa, ni ukomo tu wa inachoruhusiwa kukopa.

Baada ya hapo chomeka monita, programu zilezile, usifungue kingine, fanya kazi dakika ishirini uangalie tena namba zote.

Hapa ndo penye jibu. Kama kwa programu zilezile mashine ilikuwa nyepesi bila monita na imekuwa nzito kwa sababu ya monita tu, wakati RAM bado ina nafasi, usikimbilie kuongeza ukubwa wa RAM, angalia waya, angalia joto, angalia kama RAM ni kipande kimoja. Kama mashine iko sawa mpaka pale unapofungua vitu vingi na Memory inagonga asilimia 90 na kuendelea, hapo fundi wako yuko sahihi, RAM ni ndogo. Na kama umeona Disk iko asilimia 100 muda wote na laptopu yako bado inatumia HDD ile ya kuzunguka, ndugu yangu acha kila kitu weka SSD kwanza, maana RAM ikijaa inamwagia kwenye diski na HDD kwa kazi hiyo ni bajaji kupanda mlima Kitonga. Mtu wa HDD ukimwongezea RAM atapumua, ila ukimwekea SSD atakuletea soda.

Mimi namba zangu zilikuwa hivi, bila monita Memory GB 5 na kitu, na monita pamoja na mavitu yangu yote 7.4 kati ya 7.8, sloti moja inatumika kati ya mbili, na prosesa ambayo kawaida yake ni 2.4GHz baada ya dakika ishirini inasoma 1.5. Kwahiyo matatizo yalikuwa mawili kwa mpigo, RAM ndogo tena ya njia moja, na joto. Fundi alikuwa ameliona moja.

Kabla ya RAM tumalize habari ya waya maana ni rahisi na watu wengi wanaumwa hapo bila kujua. Kuna watu wanasema laptopu nzito kumbe mausi tu ndo inaruka ruka kwa sababu monita inachorwa mara 30 kwa sekunde badala ya 60. Hii inatokea sana kwa 4K, sababu HDMI, ule waya wa kupeleka picha kwenye monita, ya toleo 1.4 inaishia 4K kwa 30Hz, na laptopu nyingi za ofisi zina hiyohiyo, hata ThinkPad T480 ambayo watu wanaisifia HDMI yake ni 1.4. Ukitaka 4K ya 60Hz tumia DisplayPort 1.2 au ile USB-C inayotoa picha, au HDMI 2.0 kama mashine inayo. Kuangalia uko kwenye ngapi nenda Settings, System, Display, alafu Advanced display, pale inaandika Hz, na kama inakuruhusu kupandisha pandisha. Kwa monita ya 1080 hii isikusumbue, HDMI 1.4 inatosha na chenji inabaki.

EliteBook yangu haina HDMI, ina VGA na DisplayPort. Monita ilikuja na waya wa VGA nikautumia wiki mbili nzima nikidhani monita ni mbovu, maandishi yana ukungu kama miwani ya mtu mwingine. Nikabadili nikaweka DisplayPort, maandishi yakakaa sawa. Spidi haikubadilika hata kidogo, naomba nieleweke, ila macho yalishukuru. Chunga kitu kingine, vile viadapta vya USB ya kawaida kwenda HDMI. Vile havichukui picha kwenye grafiki moja kwa moja, kuna programu inaibana picha kwa kutumia prosesa na kuipitisha kwenye USB kama faili tu, kwahiyo kwenye laptopu dhaifu utaona CPU inapanda ukisogeza dirisha tu. Ni vya dharura, sio vya kufanyia kazi siku nzima. USB-C inayotoa picha yenyewe ni kitu kingine, ile haina shida hiyo, ila sio kila tundu la USB-C linatoa picha, tafuta alama ndogo ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt pembeni ya tundu.

Sasa RAM. Swali la kwanza kabisa, laptopu yako inafunguka? Kuna mashine RAM imegandishwa kwenye bodi kiwandani na hakuna sloti, hapo hata uje na gunia la hela utarudi nalo. MacBook Air zote ziko hivyo, ThinkPad X1 Carbon pia, na X280. X250 na X270 zina sloti moja tu, kwahiyo pale ukitaka nyingi unatoa iliyopo unaweka kubwa, habari ya njia mbili isahau. T480s ina iliyogandishwa na sloti moja juu yake. T480 ya kawaida, EliteBook 840 G3 na Latitude E7470 zina sloti mbili, hizo ndo raha. Usimwamini mtu kwa mdomo, Task Manager imekwambia Slots used, ingawa kwenye mashine za kugandishwa wakati mwingine inahesabu hata zile zisizotoka, kwahiyo fungua mfuniko uone kwa macho au tafuta modeli yako kamili kwenye kitabu cha matengenezo kinachotolewa na kampuni, kipo bure mtandaoni.

Swali la pili ni aina. DDR3L ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na ule mkato wa katikati umekaa sehemu tofauti kwa kila aina, kwahiyo ikikataa kuingia sio kwamba inahitaji nguvu, ni kwamba sio yake. Nimeona kwa macho yangu mtu anaigongea na mpini wa bisibisi. EliteBook 840 G1 na G2 wanatumia DDR3L, G3 ndo DDR4 ilianza. Na kwenye hizo za DDR3L soma vizuri ile L, inamaanisha volti 1.35, RAM ya DDR3 tupu ni volti 1.5 na inaingia kwenye sloti vizuri tu kwa umbo ila laptopu nyingi za kuanzia kizazi cha 4 hazitawaka nayo. Kwenye kibandiko DDR3L inaandikwa PC3L, DDR4 inaandikwa PC4, na baada ya hapo inafuata namba ya kasi, mfano PC4-2400T. Kasi ikiwa kubwa kuliko ya mashine sio shida, inashuka yenyewe, ukiweka ya 3200 kwenye 840 G3 itatembea 2133 kama wenzake, kwahiyo usikubali kulipia zaidi kwa sababu ya namba kubwa.

Pale dukani kaka mmoja aliangalia mashine yangu sekunde mbili, akasema "hiyo nane toa boss, weka kumi na sita moja, hiyo ya zamani niachie nikupunguzie". Ofa tamu, na kama huna habari unaondoka unafurahi. Ukubwa utakuwa umeupata kweli, 16 ni 16, ila kipande ni kimoja na njia inabaki moja. Nikamwambia naomba nane nyingine ya kukaa pembeni ya hii, na nijaribie hapahapa kabla sijalipa. Akaniangalia kama mi ndo namwibia lakini akatoa. Nane na nane ni 16 ileile, bei chini, njia mbili. Sisemi kipande kimoja cha 16 ni kosa siku zote, kama mashine yako ni mpya na mwezi ujao utaongeza kingine cha 16 ziwe 32 basi sawa anza na kimoja. Ila kwa mashine kama yangu sioni sababu, Windows 10 iliachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, kwahiyo kumwagia hela nyingi laptopu ya kizazi cha 6 ni kupaka rangi nyumba ya kupanga.

Ukikosa kipande kinacholingana usilie. Ukiwa na 4 ukaongeza 8, kwenye mashine nyingi za Intel zile 4 zinaoana na 4 za mwenzake, hiyo GB 8 inatembea njia mbili, na 4 zinazobaki zinatembea njia moja. Bora hivyo kuliko moja. Zikitofautiana kasi zote zinafuata ya mnyonge.

Wenye laptopu za kizazi cha 11 zenye grafiki ya Intel iitwayo Iris Xe, hii ni yenu. Iris Xe inataka njia mbili ndo ijiite Iris Xe, ukiwa na kipande kimoja Windows inaiandika Intel UHD Graphics na inacheza chini ya kiwango. Kuna watu wanalalamika wameuziwa feki kumbe RAM ya pili tu ndo haipo. Ongeza, washa, jina linabadilika lenyewe.

Kuifunga hiyo RAM. Zima mashine kweli kweli, shikilia Shift wakati unabofya Shut down, kwa sababu Windows ina tabia ya kulala nusu macho ikijidai imezima. Chomoa chaja, chomoa monita, chomoa flashi, toa betri kama inatoka nje, kama iko ndani basi baada ya kufungua mfuniko kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Shika chuma chochote kikubwa kabla hujagusa RAM, Dar ina unyevu kwahiyo shoti za mwilini sio nyingi kama kwenye nchi kavu lakini kugusa chuma hakukuchukulii muda. Skrubu zipange kwenye karatasi kwa jinsi ulivyozitoa maana hazilingani urefu, ukiweka ndefu pa fupi unaweza kutoboa kitu. RAM inaingia kwa kulala mshazari, mkato uuangalie, sukuma mpaka zile pini za dhahabu zisionekane sana, kisha ilaze chini mpaka vile vibanio viwili vya pembeni vilie tak. Visipolia haijaingia.

Rudisha betri, washa. Mara ya kwanza inaweza kukaa na kioo cheusi hata dakika moja hivi, inajizoesha na RAM mpya, usianze kuibonyeza bonyeza kwa presha. Ikikataa kabisa, izime, toa, sugua pini taratibu na kifutio cha penseli, pangusa vumbi la kifutio, rudisha. Bado? Jaribu RAM mpya peke yake kwenye sloti ya kwanza alafu ya pili, utajua mbovu ni RAM au sloti, na ndo maana nilikwambia ujaribie dukani. Ikiwaka rudi Task Manager, Slots used isome 2 of 2 na ukubwa uwe umeongezeka. Ikiwaka lakini inaonyesha GB 4 tu wakati umeweka 8, angalia kama Windows yako ni ya 32-bit, ile haiwezi kutumia zaidi ya hapo. Mwisho bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched, uiache ipime. RAM ya mtumba inaweza kuwaka vizuri ikaja kukuangusha katikati ya kadi mia mbili.

Matokeo kwangu. Memory sasa inacheza kwenye 9 mpaka 10 kati ya 16, Photoshop na Excel zinakaa pamoja bila kugombana, kuburuta madirisha kwenye monita kumekuwa laini, hilo la kuburuta naamini ni njia mbili maana hata nikiwa nimefunga karibu kila kitu tofauti naiona. Lakini dakika ishirini zikipita, prosesa ileile 1.5 na feni ileile inalia. RAM haitibu joto.

Nikafungua tena, safari hii upande wa feni, na kwenye zile mbavu za kutolea hewa nikakuta vumbi limejishona kama pamba ya mto. Nikasafisha kwa brashi, fundi akabadilisha ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupozea ambayo ilikuwa imekauka kama dawa ya meno iliyosahaulika, na nikaacha tabia yangu ya kufunga kifuniko cha laptopu na kuiweka chini ya monita ili meza ionekane ya kisasa. Baadhi ya laptopu zinapumua pia kupitia kibodi, ukifunga unaiziba pua. Sasa imekaa juu ya vitabu viwili, wazi nyuma, feni ya ukutani inapiga upande huo. Februari ya Dar ndani ya chumba kisicho na AC hewa yenyewe inayoingia tayari ni ya moto, kwahiyo usitegemee maajabu, ila prosesa ilipanda kutoka 1.5 mpaka inacheza 2.6 siku nzima. Kwangu huu usafi ulileta tofauti kubwa kuliko RAM na ulikuwa rahisi kuliko vyote.

Kama yako haina joto lakini spidi ya CPU imeganda chini kabisa muda wote, angalia chaja. Dell ikishindwa kuitambua chaja inagoma kuchaji betri na inaibana prosesa, na zile chaja za kuokoteza zenye wati pungufu zinafanya laptopu ikose nguvu ukiwa unaendesha monita na kila kitu. Na kama yako ina kadi ya grafiki inayojitegemea, zile za gemu, jua kwamba nyingi tundu la HDMI limeunganishwa na ile kadi moja kwa moja, ukichomeka monita kadi haipati tena usingizi, kwahiyo joto na feni hata ukiwa unasoma barua pepe ni kawaida yake. Baadhi zina USB-C inayopitia Intel, jaribu kuchomeka kule uone kama itatulia.

Kingine kidogo, bonyeza Windows na P uchague Second screen only, kioo cha laptopu kinazima unabaki na monita peke yake, pikseli zinapungua na betri inashukuru. Mimi natumia hivyo nikiwa na Photoshop tu. Nikiwa na kamati narudisha Extend, yani vioo vyote viwili, maana Excel ya walioahidi lazima iwe inaonekana muda wote, na umeme ukikatika monita inazima papohapo ila laptopu inaendelea kwa betri, kwahiyo faili lenye hela za watu nalifungulia upande wa laptopu.